Mfongo wa Babu: Somo la Mapokeo kwa Wanaotembea kwa Miguu



Vijana wenzangu, somo la leo halihitaji ukumbi wala projekta. Linahitaji viatu vinavyoshika udongo, chupa ya maji, rozari mfukoni na Jumamosi moja. Tunakwenda Vunjo, kusini-mashariki mwa Mlima Kilimanjaro, kutembea njia za vijijini kutoka Kilema kuelekea Marangu. Hatuendi kileleni. Wanaokwenda kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wana lango lao, malipo yao na waongozaji wao. Sisi tunabaki huku kwenye migomba, kwenye vijia ambavyo akina mama wanapita na majani ya ng'ombe kichwani, na watoto wanavitumia kwenda shule.

Lengo letu ni kuelewa neno moja ambalo kwenye katekesi huwa tunalipita haraka haraka: Mapokeo. Tukimaliza, nataka uweze kumjibu yule rafiki yako anayesema, "Mimi na Yesu wangu tunatosha, mambo ya Kanisa na wazee sina muda nayo." Na kuna siku huyo rafiki huwa ni sisi wenyewe.

Kabla ya kutoka nyumbani, soma taratibu: Kumbukumbu la Torati 6:10-12, Mwanzo 26:15-18, Marko 7:8-13, Luka 24:13-35, na 1 Wakorintho 15:3. Usisome zote kwenye simu huku unajibu meseji. Zisome kama mtu anayefungasha mzigo wa safari.

Kwa nini kwa miguu?

Tuliosoma falsafa tunajua kwamba wafuasi wa Aristotle walipewa jina la Kigiriki linalohusiana na kutembea, na simulizi la zamani linasema mwalimu huyo alikuwa akifundisha huku anatembea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anamwita mwanadamu wa dunia hii viator kwa Kilatini, yaani msafiri aliye bado njiani, ambaye hajamwona Mungu uso kwa uso. Karne ya 20 Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mfaransa aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1929 akiwa mtu mzima, alikipa kitabu chake kimojawapo jina la Homo Viator. Wote watatu wanatukumbusha kwamba mtu hakai mahali pamoja akamwelewa Mungu kwa kufikiri tu. Mwili wake nao unashiriki.

Sasa rudi kwa Luka. Wanafunzi wawili wanakwenda Emau, mwendo wa kilometa 11 hivi, wamevunjika moyo. Bwana Mfufuka angeweza kuwasubiri mezani. Badala yake anaungana nao njiani, anawauliza wanaongea nini, kisha anaanza na Musa na manabii wote. Yaani Yesu aliwapa somo la historia huku wanatembea! Mioyo yao ikaanza kuwaka walipoelewa kwamba yaliyowapata Ijumaa Kuu yalikuwa na chanzo mbali sana nyuma yao.

Ukipita Kilema na gari unaona kijani tu. Ukipita kwa miguu unalazimika kusalimia, kusubiri ng'ombe apite, kuuliza njia, kuuliza huu mtaro ni wa nini. Ukishauliza, umeanza kupokea.

Kituo cha kwanza: Kilema, waliotangulia

Tuanzie kanisani Kilema. Sali kwanza, halafu toka nje utazame bonde la chini, kule tambarare inakopotelea. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani aliyetumwa na chama cha Waanglikana, alitokea huko chini akiwa na mwongozaji wake Bwana Kheri na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei mwaka huo aliona weupe juu ya mlima, na akafika hapa Kilema kwa Mangi. Alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wako wasomi wa London waliomcheka. Wenyeji hawakuhitaji kubishana. Waliuona mlima wao kila asubuhi.

Mwaka 1890 wakaja Wamisionari wa Roho Mtakatifu kutoka pwani, wakiongozwa na Askofu Raoul de Courmont. Kati yao alikuwepo Padre Alexandre Le Roy, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu safari hiyo na akaja kuwa mkuu wa shirika lake zima. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea, na ndiyo ikawa misheni ya kwanza ya Kikatoliki mlimani. Pamoja na Injili, misheni ilikuja na miche ya kahawa. Kahawa hiyo ndiyo baadaye ikasomesha maelfu ya watoto wa Uchaggani, na mwaka 1933 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU.

Hebu tusimame hapa, maana kuna mambo mawili ya kutafakari.

La kwanza ni majina. Vitabuni tunamkuta Rebmann, tunamkuta Le Roy. Bwana Kheri anatajwa kwa shida. Wapagazi waliobeba mahema, chakula, vyombo vya Misa na barua hawatajwi kabisa. Lakini bila miguu yao hakuna aliyefika. Mapokeo yanabebwa hivyo hivyo. Wewe leo unajua kufanya ishara ya msalaba. Nani alikushika mkono mara ya kwanza akakuonyesha paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia? Pengine ni bibi, pengine mwalimu wa watoto pale kigangoni ambaye hata jina lake la pili hulijui. Huyo ndiye mpagazi wa imani yako.

La pili ni kwamba Mungu hakuletwa Kilimanjaro na meli. Kabla ya mmisionari yeyote kufika, Wachagga walikuwa wakimwita Ruwa, na jina hilo limebaki kwenye sala za Kichagga hadi leo. Mtakatifu Yustino shahidi, mwanafalsafa wa karne ya 2, alifundisha kwamba Neno la Mungu limepanda mbegu zake hata kwa watu waliokuwa hawajasikia jina la Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes namba 11, unawataka Wakristo wazifahamu mila za watu wanaoishi nao na kuzigundua kwa furaha na heshima mbegu za Neno zilizofichika humo. Mmisionari aliongoza maji. Chemchemi ilikuwepo.

Kituo cha pili: mfongo

Ondoka kanisani ushike njia ya kupanda. Muda si mrefu utasikia maji kabla hujayaona. Chini ya migomba, pembeni ya njia, kuna mtaro mwembamba wa udongo unaotiririka taratibu. Huo ndio mfongo. Wingi wake ni mifongo.

Mifongo ilichimbwa na wahenga wa Kichagga karne nyingi kabla ya injinia yeyote wa kizungu kufika, na iko mamia kuuzunguka mlima. Mto wa mlimani umelala chini kwenye korongo, lakini mashamba yako juu ya mgongo wa kilima. Unafanyaje? Unapanda mbali, hadi mahali ambapo mto bado uko juu. Unaweka banio la mawe, magogo na udongo, kisha unachimba mtaro unaoambaa ubavuni mwa kilima, ukishuka kidogo kidogo tu. Ukishuka haraka, maji yatabomoa kingo. Ukikosa mteremko, yatasimama. Hawakuwa na vipimo vya dukani. Walikuwa na jicho, majembe, na maji yenyewe kama mwalimu.

Maji hayo yalimwagilia ulezi wa mbege, migomba, maharage, na baadaye kahawa. Yalikuwa na utaratibu wake. Kila mfongo ulikuwa na mzee anayeusimamia na ratiba ya zamu: leo familia hii, kesho ile. Na siku ya kuzibua mfongo ilipotangazwa, kila nyumba inayotumia maji ilipaswa kutoa mtu. Asiyefika alitozwa faini au akakosa zamu yake. Ukinywa, unachimba.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 6:10-12. Musa anawaambia Waisraeli kwamba wanakwenda kukaa kwenye miji ambayo hawakuijenga, kunywa kwenye visima ambavyo hawakuvichimba, kula zabibu na zeituni ambazo hawakuzipanda. Onyo lake ni moja: mkishashiba, msimsahau Bwana. Haoni hatari kubwa kwenye njaa ya jangwani. Anaiona kwenye shibe ya mtu asiyejua maji yake yametoka wapi.

Huo ndio ugonjwa wetu, jamani. Tunapokea Ekaristi kila Dominika kama vile imetokea tu. Tunasali Baba Yetu kwa Kiswahili bila kuwaza kwamba kuna watu walikaa miaka wakitafuta neno lifaalo. Paulo anawaandikia Wakorintho (15:3) kwamba aliwakabidhi kile ambacho yeye mwenyewe alikipokea. Paulo huyu, aliyetokewa na Kristo mwenyewe njiani kwenda Damasko! Kama kuna mtu angeweza kusema "mimi na Yesu wangu tunatosha", ni yeye. Lakini anasema: nilipokea, nikawapa. Anajihesabu kuwa sehemu ya mfongo.

Kituo cha tatu: tope

Ukiendelea kutembea utakuta mfongo mwingine, na huu ni mkavu. Umejaa majani na udongo. Mifongo mingi imeachwa. Sababu ni nyingi: maji ya bomba yamefika, msitu wa juu umepungua, bei ya kahawa ilishuka, vijana wamehamia mjini, na wazee waliojua kila kona ya mtaro wanazikwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba cha Shimbwe Juu, kwenye mlima huu huu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Dunia inaujua. Mjukuu je?

Nasema hili kwa upendo. Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi inajaa magari. Tunarudi nyumbani, tunakula, tunapiga picha na mlima, tunarudi Dar. Ni jambo zuri, watu wengi wanatuonea wivu kwa hilo. Lakini uliza, katika siku kumi zile, nani alitembea na babu hadi kwenye banio?

Mfongo mkavu unatufundisha jambo la pili kuhusu Mapokeo: tope huingia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 83, inatofautisha Mapokeo ya Mitume, yale yanayotoka kwa Kristo mwenyewe kupitia Mitume, na mapokeo madogo madogo ya mahali na nyakati, ya kitaalimungu, ya nidhamu, ya liturujia, ya ibada. Haya madogo ni chombo cha kuyaeleza yale makuu, na Kanisa linaweza kuyatunza, kuyabadili au hata kuyaacha. Kila mfano una kikomo chake, lakini tuseme hivi: maji ni ya Mungu, mtaro umechimbwa na watu. Mtaro bila maji ni shimo. Maji bila mtaro hayafiki shambani kwako.

Ndiyo maana Yesu katika Marko 7 anawakemea wanaoshika desturi za wanadamu huku wameiacha amri ya Mungu. Hakuwaambia wafukie mfongo. Aliingia na jembe kuuzibua.

Na tope la historia yetu lisifichwe. Karibu na njia hizi utaonyeshwa mahandaki waliyochimba wahenga chini ya ardhi kujificha na mifugo yao nyakati za vita, maana Mangi alipigana na Mangi jirani. Ukielekea magharibi unafika Old Moshi, ambako Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi. Miaka ambayo kengele ya misheni ilianza kusikika mlimani ndiyo miaka hiyo hiyo ambayo bunduki ilisikika. Kijana Mkatoliki hana sababu ya kuogopa kusema hivyo. Isaka, katika Mwanzo 26, alikuta visima vya baba yake Ibrahimu vimefukiwa udongo na Wafilisti. Hakulaani kisima. Alichimba upya, akavipa majina yale yale aliyovipa baba yake. Kupenda historia yako ni kuchimba hivyo, huku ukijua kwamba jembe litakutana na mawe.

Angalia sasa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga. Pale kuna mmea mrefu wenye majani membamba kama upanga: isale. Masale huonyesha mpaka, husimama kwenye makaburi ya wazee ndani ya kihamba, na pia ni ishara ya kuomba msamaha. Aliyekosa huja na isale, na aliyekosewa, akiliona, ni vigumu sana kukataa kupatana. Mmea ule ule unaosema "hapa ni kwangu, pale ni kwako" ndio unaosema "tusameheane". Kwangu mimi hiyo ni mbegu ya Neno kabisa. Tukifika mbele ya handaki au kaburi, tusali kwa ajili ya waliouawa na waliowaua.

Kituo cha nne: Kinukamori

Ukifika Marangu shuka hadi maporomoko ya Kinukamori. Wengi huja hapa kupiga picha. Ni pazuri kweli, piga. Kisha kaa chini, usikilize hadithi yake.

Wenyeji husimulia habari za binti aliyeitwa Makinuka. Alipata mimba kabla ya ndoa, na desturi ya wakati huo ilikuwa kali mno kwa msichana wa namna hiyo. Kwa hofu na aibu akaja hapa juu ya maporomoko akitaka kujitupa. Alipotazama chini, akaghairi. Akageuka arudi nyumbani. Alipogeuka akakutana uso kwa uso na chui, akashtuka, akarudi nyuma, akaanguka. Hii ni hadithi ya mdomo, si hati ya mahakama. Ila wazee hawakuihifadhi bure.

Mimi linanisumbua neno moja: alishageuka. Toba, katika lugha ya Biblia, ni kugeuka. Binti yule alishafanya sehemu yake. Njiani hakukuwa na mtu wa kumpokea, kulikuwa na chui.

Linganisha na Luka 15:20. Mwana mpotevu naye anageuka, lakini akiwa bado mbali baba anamwona na kumkimbilia. Baba yule alikuwa anaangalia njia. Tofauti ya hadithi hizi mbili ni nani yupo njiani mtu anapogeuka.

Basi tujiulize kuhusu kwaya zetu, vikundi vyetu vya VIWAWA na TYCS, jumuiya zetu ndogo ndogo. Msichana wa kwaya akipata mimba, kesho yake anakuta nini kwenye grupu la WhatsApp? Kijana akitaka kurudi Kanisani baada ya miaka miwili ya ulevi, anakutana na nani mlangoni: anayemkimbilia, au chui? Tangu Novemba 2021 serikali yetu imeruhusu wasichana waliokatiza shule kwa ujauzito warudi darasani katika mfumo rasmi. Itakuwa aibu kama darasa litafunguliwa na benchi la kanisa likabaki limefungwa. Maadili ya Kanisa juu ya ndoa na usafi wa moyo hayabadiliki, nayo ni maji safi. Umbeya na kumtenga mtu ni tope. Zibua.

Na kama wewe unayesoma sasa umesimama mahali pa namna ile ndani ya moyo wako, tafadhali usibaki peke yako hata usiku wa leo. Mpigie mtu mmoja: mzazi, rafiki, padre, sista, mwalimu, daktari. Kugeuka kwako kuna thamani kuliko unavyodhani, na wako watu wanaoangalia njia.

Ukitaka kwenda mwenyewe

Mambo machache ya kuzingatia. Vijia hivi vinapita katikati ya nyumba za watu na makaburi yao, kwa hiyo salimu kila unayekutana naye, na omba ruhusa kabla ya kuingia au kupiga picha. Tafuta kijana wa pale pale kijijini awaongoze, na mlipe haki yake vizuri bila kuvutana. Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei, maana udongo wa mlimani unateleza kama sabuni. Msivuke kuingia msituni ndani ya Hifadhi ya Taifa bila kibali. Taka zenu rudini nazo. Mkikuta watu wanazibua mfongo, wekeni mabegi chini mshike majembe. Hiyo ndiyo sala itakayokumbukwa zaidi siku hiyo.

Kama hutoki Kilimanjaro, kila sehemu ina njia yake. Bagamoyo iko misheni ya mwaka 1868 na njia ya misafara ya watumwa. Uganda kuna njia za Namugongo, ambako kila mwaka mahujaji wanatembea, wengine siku nyingi, kufika tarehe 3 Juni, siku waliyouawa Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Hata kigango chenu kina mzee anayejua kanisa la kwanza la nyasi lilisimama wapi. Mwombe akupeleke. Twende kwa miguu.

Maswali ya kutafakari (binafsi au kwenye kikundi)

1. Taja watu watatu waliokufikishia imani. Je, kuna ambaye hujawahi kumshukuru, au kumwombea kama ameshafariki?
2. Ni mfongo gani katika familia au parokia yako unakauka: sala ya jioni, jumuiya, nyimbo za zamani, kumtembelea mgonjwa? Nani anajua bado unapita wapi?
3. Ni desturi ipi mnayoishika kwenu ambayo kwa kweli ni tope? Mtaizibua vipi bila kuvunja kingo?
4. Nani amegeuka na anarudi, na wewe unaweza kuwa njiani kumpokea wiki hii?

Azimio la wiki

Tembea angalau saa moja na mtu aliyekuzidi miaka 30. Simu iwe mfukoni. Uliza maswali, usifundishe. Jumapili, wakati wa vipaji, mtolee Mungu jina moja ulilolipata katika matembezi hayo.

Sala

Bwana Yesu, uliyetembea na wanafunzi wako kwenda Emau, tembea nasi kwenye njia ambazo hatukuzikata. Tunakushukuru kwa ajili ya wote waliochimba na kubeba, ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Wasamehe waliomwaga damu katika nchi hii, uwapokee waliomwagiwa. Ondoa ndani yetu tope la dharau, uvivu na maneno. Tufanye mfongo wako, ili maji tuliyopokea yawafikie watakaokuja nyuma yetu. Na yeyote anayegeuka leo atukute sisi njiani, tukimngoja. Amina.

Bikira Maria, uliyepanda kwa haraka nchi ya milima kumhudumia Elizabeti, utuombee.